Mabadiliko ya Nembo na Lakabu za Michezo: Mfano wa Chuo Kikuu cha Stanford

Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi alama za michezo za chuo kikuu kimoja cha Marekani zilivyobadilika tangu mwaka 1892 hata zama zetu hizi, na kuzichungua sababu za mabadiliko hayo. Huenda msomaji akaliona jambo hili kuwa dogo, tena la mbali, na akauliza michoro ya kwenye fulana za wachezaji ina haki gani ya kuchukua nafasi katika jarida la utafiti wa lugha. Jawabu ni kwamba alama ya timu ni jina lililochorwa, na mambo ya majina ni mambo ya lugha. Mwenye kumpa mwenziwe jina hujipa mamlaka juu yake. Na mwenye kujiita kwa jina la mwenziwe huazima kitu ambacho pengine hakuruhusiwa kukiazima. Habari za Chuo Kikuu cha Stanford zaonyesha haya waziwazi, kwa kuwa timu za chuo hicho zimeitwa kwa rangi, kisha kwa watu, kisha kwa rangi tena, na katikati ya mabadiliko hayo ukatokea mti ambao hakuna mkuu wa chuo aliyeuchagua.

Maana za maneno matatu

Kabla ya kuendelea yafaa tutenge maana za maneno matatu. La kwanza ni lakabu, yaani jina la pili la timu, ambalo aghalabu washabiki hulipenda kuliko jina la kwanza. Wakazi wa Dar es Salaam hawahitaji kufundishwa habari hii. Klabu iliyoanzishwa mwaka 1936, ambayo ilipata kuitwa Sunderland kabla ya kuitwa Simba mwaka 1971, hadi leo huitwa pia Wekundu wa Msimbazi, kwa rangi ya jezi zake na mtaa wa makao yake.

La pili ni nembo, yaani mchoro ubandikwao kwenye mavazi, bendera, barua na milango ya uwanja.

La tatu ni maskoti. Huyu ni mnyama wa kweli, au mtu aliyevaa vazi la mnyama au la kitu chochote, arukaye na kucheza kando ya uwanja ili kuwachangamsha watazamaji. Neno lenyewe asili yake ni Ufaransa, ambako husemwa mascotte, nao Wafaransa walilipata katika lugha ya Provence, ambako masco ni mchawi. Lilienea ulimwenguni kwa sababu ya mchezo wa kuimba wa Edmond Audran, La Mascotte, uliochezwa mara ya kwanza mjini Paris mwaka 1880. Basi kwa asili maskoti ni ndugu wa hirizi na talasimu: ni kitu kiletacho bahati. Katika viwanja vya leo imani ya bahati imefifia, lakini upendo wa watu kwa kitu hicho haukufifia, na ndiyo maana kukiondoa ni kazi ngumu.

Rangi kwanza

Chuo Kikuu cha Stanford kiko California, karibu na mji wa Palo Alto. Kiliasisiwa na Leland Stanford, tajiri wa reli aliyepata kuwa gavana wa jimbo hilo, pamoja na mkewe Jane, kwa ukumbusho wa mwana wao wa pekee aliyefariki mwaka 1884 akiwa na umri wa miaka 15. Kilifungua milango yake mwaka 1891. Tarehe 19 Machi 1892 vijana wa Stanford walicheza mara ya kwanza na jirani zao wa Chuo Kikuu cha California huko San Francisco, katika futiboli ya Kimarekani, ule mchezo ambao mpira wake huchukuliwa mikononi. Stanford walishinda kwa pointi 14 kwa 10.

Wanafunzi walikuwa wamekwisha chagua rangi yao, nayo ni nyekundu iliyoiva, iitwayo kwa Kiingereza cardinal. Waandishi wa magazeti, ambao siku zote hutafuta neno fupi la kichwa cha habari, wakaitaja timu kwa rangi hiyo, na lakabu ikawa imezaliwa. Hakuna kamati iliyokaa, wala mchoraji aliyelipwa. Rangi ilivaliwa, ikaonekana, ikaitwa. Hii ndiyo njia ya kale kabisa ya kupata lakabu, na ndiyo iliyozipa lakabu timu nyingi za huku kwetu pia.

Mchoro wa mtu

Baada ya muda rangi pekee haikutosha. Chuo jirani kilikuwa na dubu, na vyuo vingine vilikuwa na simba, chui na tai. Katika miaka ya 1920 waandishi wa michezo na washabiki walizoea kuilinganisha timu ya Stanford na wenyeji wa asili wa Amerika, na tarehe 25 Novemba 1930 kamati ya umoja wa wanafunzi ikakubali rasmi kwamba alama ya Stanford iwe ni mtu wa makabila hayo.

Hapa mfasiri wa Kiswahili hukutana na shimo njiani. Kwa Kiingereza lakabu hiyo ilikuwa Indians, neno lililozaliwa na kosa la Christopher Columbus, ambaye mwaka 1492 alidhani amefika upande wa Bara Hindi. Tukiandika Wahindi, msomaji wa Mombasa au Unguja atawafikiria jirani zake wenye asili ya Gujarati na Kachi. Vitabu vingine vya Kiswahili vilijaribu kulikwepa shimo hilo kwa kusema Wahindi Wekundu, lakini hapo kosa la baharia limebaki pale pale, na juu yake imeongezwa rangi ya ngozi. Katika makala haya nitasema wenyeji wa asili, nikijua kwamba hata jina hilo lakusanya pamoja mamia ya mataifa yenye lugha mbalimbali, kama mtu asemavyo Waafrika.

Sasa tutazame mchoro wenyewe. Uliopendwa zaidi ulikuwa wa kijitu kifupi chenye pua kubwa, kilichochorwa ili kichekeshe. Ardhi ambayo chuo kimejengwa juu yake ni ya asili ya Waohlone, watu ambao vizazi vyao vingali hai California. Lakini kijitu kile hakikuwa Mwohlone, wala hakikuwa mtu wa taifa lolote lijulikanalo. Kilikuwa mtu wa kubuniwa na wasiomjua, kwa ajili ya kuwafurahisha wasiomjua.

Baadaye, kuanzia miaka ya 1950, mchoro ukapata mwili. Timm Williams, mtu wa taifa la Wayurok wa kaskazini ya California, alicheza uwanjani kwa muda wa miaka kama 20, akijulikana kwa jina la Prince Lightfoot. Jambo hili halina budi kutajwa, maana laonyesha kwamba shauri halikuwa jepesi. Williams alikuwa mwenyeji wa asili hasa, naye aliuona uchezaji wake kuwa ni heshima kwa watu wake. Wahitimu wengi walisema vivyo hivyo: kwamba waliichagua alama hiyo kwa kuwasifu mashujaa, na kwamba kuifuta ni kuwafuta wenyewe.

Waliochorwa walipofika

Kwa miaka 40 shauri hili lilizungumzwa bila ya waliochorwa kuwapo chuoni, ila mmoja mmoja. Mwaka 1970 hali ilibadilika. Chuo kiliandikisha wanafunzi wenyeji wa asili kwa idadi kubwa kuliko zamani, nao mwaka huo huo wakaunda chama chao. Katika Novemba 1970 walipeleka malalamiko yao juu ya uchezaji wa Prince Lightfoot, na mwanzoni mwa mwaka 1971 walimwona mkuu wa chuo, Richard Lyman.

Mwaka 1972 wanafunzi na wafanyakazi 55 wenyeji wa asili walitia saini waraka wa kuomba alama hiyo iondolewe kabisa. Hoja yao ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuijibu. Walisema kwamba taifa la watu si chombo cha kuchekeshea. Kwamba ngoma na mavazi ya ibada yana mahali pake, na mahali hapo si mapumziko ya mechi. Na kwamba mwanafunzi hawezi kukaa darasani kama mwenzao wengine hali sura ya babu yake imebandikwa kwenye vikombe na soksi. Baraza la wanafunzi lilipiga kura, 18 wakaafiki na 4 wakakataa. Lyman akaiondoa alama.

Ni vema tuone uzito wa jambo hili. Watu 55 katika chuo chenye maelfu ya wanafunzi hawangeweza kamwe kushinda kwa wingi wao. Kama shauri lingalihesabiwa kwa vichwa vya washabiki na wahitimu, alama ingalibaki. Lakini lilihesabiwa kwa njia nyingine: nani ni mwenye uso huu? Swali hilo likiisha kuulizwa, wingi wa wanaoupenda mchoro haujibu neno.

Tena wale vijana hawakuondoa tu. Waliweka kitu mahali pa kile walichokiondoa. Tangu mwaka 1971 wanafunzi wenyeji wa asili wameandaa chuoni kusanyiko la ngoma liitwalo powwow, na limekuwa desturi ya kila mwaka, likivuta wachezaji wa mataifa mengi. Hivyo ngoma haikufukuzwa Stanford. Ilichukuliwa na wenyewe.

Miaka ya kutafuta jina

Baada ya mwaka 1972 timu zilirudia rangi ya zamani, ila kwa umbo la wingi: Cardinals. Hapo tatizo la lugha likazuka. Neno hilo kwa Kiingereza lina maana zaidi ya moja. Ni cheo cha Kanisa Katoliki, nasi twasema kardinali. Ni rangi ya majoho ya wenye cheo hicho. Na ni ndege wa Amerika mwenye manyoya ya rangi hiyo. Likitiwa katika wingi, msikilizaji humfikiria ndege au makasisi, kwa maana rangi haina wingi. Kumbe chuo hakikukusudia ndege wala makasisi.

Wanafunzi, kwa upande wao, walitafuta jina jipya. Katika kura ya mwaka 1975 waliochaguliwa walikuwa Robber Barons, yaani matajiri wanyang'anyi. Hilo lilikuwa jina la dhihaka walilopewa mabepari wa karne ya 19, na Leland Stanford mwenyewe alihesabiwa miongoni mwao. Wakuu wa chuo hawakulikubali. Msomaji na apime: mchoro wa kuwadhihaki wenyeji wa asili ulidumu miaka 42, na jina la kumdhihaki mwasisi halikudumu hata siku moja. Mwaka 1978 wanamichezo 225 walipendekeza griffin, yule mnyama wa hadithi mwenye kichwa cha tai na mwili wa simba, nalo halikufaulu.

Mwisho, tarehe 17 Novemba 1981, mkuu wa chuo Donald Kennedy alitangaza kwamba timu zote za Stanford zitawakilishwa na rangi, nayo itatajwa kwa umoja: Cardinal. Ikaisha habari ya ndege.

Mti

Katika miaka hiyo ya kutangatanga, bendi ya wanafunzi iliona nafasi ya mzaha. Mwaka 1975, wakati wa mapumziko ya mechi, ilionyesha maskoti kadhaa za kuchekesha ambazo chuo kingeweza kuzichukua. Moja ilikuwa kipande cha kiazi cha kukaanga, na nyingine ilikuwa mti. Mti ukapendwa, na hata leo haujaondoka.

Si kwamba mti huo haukuwa na shina. Mji wa Palo Alto umepata jina lake kwa mti mmoja wa jamii iitwayo redwood, na maana ya maneno hayo kwa Kihispania ni mti mrefu. Umri wake wakadiriwa kupita miaka 1,000, nao ungali umesimama kando ya reli na kijito cha San Francisquito. Mti huo umo katika muhuri wa chuo. Bendi ilichukua kitu kilichokuwapo katika karatasi za heshima ikakivisha miguu. Nembo ya michezo itumikayo leo, ambayo ni herufi S nyekundu yenye mti mbele yake, yaunganisha mambo yote mawili: rangi ya mwaka 1892 na mti wa mji.

Lakini kwa kauli ya chuo, chuo hakina maskoti rasmi; Mti ni mwanachama wa bendi. Kila anayeshika zamu hujitengenezea vazi lake mwenyewe, kwa hiyo sura ya Mti hubadilika zamu kwa zamu. Huu mmoja huwa mnene, ule hulegea, na mwingine hutoa macho kama aliyekesha. Mchoro wa mwaka 1930 ulipochakaa watu waliugombania, kwa kuwa uliwabeba watu wengine. Mti hugeuzwa kila mara na hakuna anayeumia, maana wanaochekwa ni wale wale wanaocheka.

Vyuo vingine

Stanford haikuwa peke yake. Chuo cha Dartmouth, ambacho hati yake ya mwaka 1769 ilitaja elimu ya vijana wenyeji wa asili, kiliiacha lakabu kama ile mwaka 1974. Chuo Kikuu cha Illinois kilikuwa na mchezaji aliyeitwa Chief Illiniwek tangu mwaka 1926, naye alicheza mara ya mwisho Februari 2007. Hapo katikati, Agosti 2005, chama kisimamiacho michezo ya vyuo, NCAA, kilikataza alama za namna hiyo katika mashindano yake ya ubingwa.

Mgogoro mkali kuliko yote ulikuwa wa Chuo Kikuu cha North Dakota, ambacho timu zake zilijiita Fighting Sioux tangu mwaka 1930. Jina Sioux si la watu wenyewe. Wao hujiita Dakota na Lakota, na lile liliwajia kupitia Wafaransa kutoka katika lugha ya jirani zao. Tajiri mmoja, Ralph Engelstad, aliyesoma hapo, alikijengea chuo uwanja wa ndani wa magongo ya barafu uliofunguliwa mwaka 2001. Mwezi Desemba 2000 alikuwa ametishia kuusimamisha ujenzi kama lakabu itaondolewa, na ndani ya jengo akazitia nembo kwa maelfu, ili kuzing'oa kuwe ni gharama. Mataifa mawili ya wenyeji yalitazamiwa kutoa idhini: watu wa Spirit Lake walipiga kura ya kukubali mwaka 2009, lakini wale wa Standing Rock hawakuitoa. Mwezi Juni 2012 wapiga kura wa jimbo waliamua lakabu iachwe, na kwa miaka mitatu timu zikacheza bila lakabu yoyote, mpaka Novemba 2015 zilipoitwa Fighting Hawks, yaani mwewe wapiganao.

Kinyume chake ni Chuo Kikuu cha Florida State. Lakabu yake ni Seminoles, na mwaka 2005 NCAA ilikiruhusu kuendelea nayo kwa sababu Taifa la Waseminole wa Florida lilikubali. Mfano huu wafaa kukumbukwa, usije mtu akadhani kwamba sura ya mwanadamu imekatazwa kabisa. Jambo lililo shartini ni idhini ya mwenyewe.

Mazingatio ya lugha

Tukikusanya habari hizi twaona sababu za aina tatu zinazogeuza alama. Nyingine hugeuka kwa mikono, kama Mti ugeukavyo kwa kila ashonaye vazi jipya. Nyingine hushikwa na mali, kama ilivyokuwa katika uwanja wa North Dakota. Nyingine hugeuka kwa heshima, pale aliyechorwa anapopata sauti. Sababu ya tatu huchelewa kuja, lakini ikija hushinda zile mbili, kwa kuwa hizo zahusu namna ya kuchora, na hii yahusu haki ya kuchora.

Nimalizie kwa jambo moja linalotuhusu sisi hasa. Je, Cardinal ya Stanford itafsiriwe namna gani? Kardinali haifai, wala jina la ndege halifai. Nadhani lugha yetu ina neno lililo bora kuliko la Kiingereza lenyewe, nalo ni wekundu. Neno hili lina ngeli mbili. Kwanza ni sifa ya watu wengi: watu wekundu, yaani waliovaa nyekundu. Pili ni jina la hali, kama weupe na weusi: wekundu wa damu, wekundu wa jua la machweo. Na tukisema Wekundu wa Stanford, hakuna ajuaye tumekusudia ipi mpaka kitendo kitokee. Tukisema wameshinda, tumewataja wachezaji. Tukisema umeshinda, tumeitaja rangi. Waingereza wamelazimika kukata herufi moja ya mwisho na kutoa tangazo ili watu wasidhani ni ndege. Mswahili hubadili kiambishi tu, na maana zote mbili zasimama, bila kuazima uso wa mtu yeyote.

Ama neno maskoti, nimelitumia kwa haja, si kwa mapenzi. Lingetafutiwa mwenzake kutoka ndani ya lugha, hasa sasa ambapo mashindano makubwa ya mpira yafanyikayo katika nchi zetu huja na maskoti zake. Wasomaji wenye shauri juu ya neno hilo wangefanya vema kulileta, na watakapolichagua waulize kwanza kama linamdhihaki mtu asiyekuwapo.